Viuatilifu na afya ya mpulizaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila msimu: kwa wapulizaji wa nyanya na vitunguu, vibarua wa kahawa na pamba, na wafanyakazi wa mashamba ya maua. Majina ya viambato tumeyaacha jinsi yanavyoandikwa kwenye lebo, ili uweze kuyalinganisha na chupa uliyonayo mkononi.

## Mambo ya msingi

1. Nimepuliza dawa zaidi ya miaka kumi na sijawahi kulazwa. Bado kuna la kuogopa?

Lipo. Kuna sumu ya papo kwa papo, inayokuangusha ndani ya saa chache, na kuna sumu ya muda mrefu, inayotokana na dozi ndogo ndogo zinazojirudia msimu baada ya msimu. Kutolazwa kunaonyesha tu kwamba hujapata dozi kubwa kwa mkupuo. Hakusemi chochote kuhusu neva, tezi, mapafu au mbegu za uzazi.

Hata ile ya papo kwa papo, wengi wameipata bila kuihesabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania, asilimia 68 walisema waliwahi kujisikia vibaya baada ya kupuliza: kichwa, kizunguzungu, ngozi kuwasha. Mtu husema "dawa imenilevya", analala, kesho anaendelea. Hiyo ni sumu, na kila mara iingizwe kwenye hesabu.

2. Sumu inaingia zaidi kwa pumzi au kwa ngozi?

Kwa kazi ya shambani, ni ngozi. Watu hununua barakoa kwanza kwa sababu harufu ndiyo inayoonekana adui, kumbe dawa inaingilia mikononi, mgongoni na mapajani.

Ngozi nayo hailingani. Vipimo vya zamani vilivyotumia parathion (dawa ya wadudu) vilionyesha kwamba, ukichukua mkono kati ya kiwiko na kiganja kuwa kipimo cha 1, paji la uso hunyonya karibu mara 4, tundu la sikio zaidi ya mara 5, na korodani karibu mara 12. Sasa fikiria bomba la mgongoni linalovuja: maji yanashuka kiunoni, yanalowesha chupi, na mtu anakaa nayo hadi jioni. Au mpulizaji anakwenda haja ndogo na mikono yenye dawa. Nawa kwa sabuni kabla ya haja, si baada tu. Na usifute jasho la usoni kwa glavu.

Hatari kubwa kuliko zote ni wakati wa kuchanganya. Chukua dawa yenye gramu 480 za chlorpyrifos kwa lita: mililita moja ina miligramu 480. Ukiweka mililita 40 kwenye bomba la lita 20, kila lita ya mchanganyiko inakuwa na miligramu 960. Maana yake mililita moja ya dawa nzito iliyomwagikia vidole ni sawa na kujimwagia nusu lita ya mchanganyiko. Wengi huvaa glavu wakienda kupuliza na kuchanganya mikono mitupu. Ukiwa na jozi moja tu, ivae wakati wa kuchanganya.

3. Lebo yangu ina mstari wa kijani. Si ndiyo salama?

Rangi zinafuata madaraja ya Shirika la Afya Duniani (WHO): nyekundu ni sumu kali sana (Ia na Ib), njano ni daraja la II, bluu ni III, na kijani ni zile ambazo hazitarajiwi kumdhuru kwa ghafla mtu anayezitumia ipasavyo. Msingi wa madaraja hayo ni kiasi gani kinaua panya wa maabara kwa haraka. Hayapimi miaka kumi ya kupuliza.

Mfano ni mancozeb, dawa ya bakajani inayopulizwa kwenye nyanya na viazi karibu kila wiki ya mvua. Iko kwenye kijani. Hata hivyo inapovunjika hutoa kemikali iitwayo ethylenethiourea inayovuruga tezi ya shingo, na Umoja wa Ulaya uliamua mwishoni mwa 2020 kutoiruhusu tena.

4. Mimi sipulizi, navuna tu. Swali hili linanihusu?

Linakuhusu wewe, anayefunga nyanya kwenye miti, anayekata maua ndani ya nyumba ya plastiki, na anayefua nguo za mpulizaji. Mvunaji hugusa majani yenye mabaki kwa saa nane bila glavu, mara nyingi siku hiyo hiyo iliyopulizwa. Tazama swali la 15 na la 16.

## Madhara yenyewe

5. Dawa ipi inaharibu nini?

Usiulize jina la biashara, angalia kiambato kwa herufi ndogo. Haya ndiyo makundi utakayokutana nayo mara nyingi.

*Oganofosfeti* (chlorpyrifos, profenofos, dimethoate, malathion, diazinon) na *kabameti* (methomyl, carbosulfan, carbofuran). Zote zinafunga kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima ishara ya neva ikishafika kwenye msuli. Kikifungwa, ishara haizimiki: mate na jasho kutoka hovyo, mboni za macho kuwa ndogo, misuli kuchezacheza, kifua kubana. Kabameti huachia kimeng'enya baada ya saa chache. Oganofosfeti huweza kukishika moja kwa moja, na mwili unalazimika kutengeneza kipya. Anayepuliza kila wiki hupata dozi mpya kabla ya ile ya kwanza kulipwa. Ndiyo maana chupa ile ile, kiasi kile kile, kinamwangusha mwezi wa tatu wa msimu wakati mwezi wa kwanza alikuwa mzima. Baadhi ya oganofosfeti, baada ya dozi kubwa, huleta pia udhaifu na ganzi ya miguu wiki moja hadi tatu baadaye, mgonjwa akidhani ameshapona.

*Pairethroidi* (lambda-cyhalothrin, cypermethrin, deltamethrin). Uso unaowaka na kuchonyota jioni ya kupuliza ni dalili yake. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Ni ishara kwamba dawa imefika usoni, basi rekebisha uvaaji wako.

*Dawa za ukungu*: mancozeb tumeigusa kwenye swali la 3. Chlorothalonil ni maarufu kwa mzio wa ngozi. Ukishaupata, kiasi kidogo tu kinatosha kuuamsha tena, na krimu haitasaidia kama bado unaishika.

*Paraquat* ya magugu. Funda moja likimezwa linaweza kuua kwa kukausha mapafu, na hakuna dawa ya kuiondoa. Kwa mpulizaji, hatari ni bomba linalovuja juu ya ngozi yenye vidonda.

6. Viuatilifu vinaleta saratani?

Baadhi, na kwa viwango tofauti vya uhakika. Mwaka 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) liliweka lindane kwenye kundi la vinavyosababisha saratani bila shaka. Malathion, diazinon na glyphosate viliwekwa kwenye kundi la pili, la vyenye uwezekano mkubwa. Kuhusu glyphosate, wadhibiti wa Marekani na wa Umoja wa Ulaya hawakukubaliana na IARC, na ubishi huo haujaisha. Saratani inayotajwa zaidi kwa wapulizaji ni ya tezi za limfu, ikifuatiwa na ya tezi dume. Ufaransa inazitambua zote mbili kuwa magonjwa ya kazi kwa wakulima waliotumia viuatilifu, tangu 2015 na 2021.

Hii haina maana kwamba kila mpulizaji atapata saratani. Maana yake ni kwamba uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kwenye kinena unaokaa zaidi ya wiki tatu haupaswi kusubiri mavuno.

7. Mikono inatetemeka. Ni sumu au ni uzee?

Inategemea mtetemo wenyewe. Unaokuja siku ya kupuliza na kuisha ndani ya siku chache unaelekea kuwa wa dawa. Unaoanza mkono mmoja ukiwa umetulia, pamoja na mwendo wa kuburuza na uso kukosa msisimko, unahitaji daktari wa neva, maana huo ni mfano wa ugonjwa wa Parkinson. Utafiti wa mwaka 2011 ndani ya mradi mkubwa unaofuatilia wakulima wa majimbo ya Iowa na North Carolina tangu 1993 ulikuta waliotumia paraquat au rotenone wana hatari ya karibu mara mbili na nusu. Rotenone hutoka kwenye mizizi ya mimea, kwa hiyo neno "asilia" kwenye chupa si kinga.

8. Inaathiri uwezo wa kuzaa na mimba?

Ushahidi mzito kuliko wote kwa wanaume ni wa DBCP, dawa ya minyoo ya udongo. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda huko Lathrop, California, waligundulika kukosa mbegu. Baadaye wafanyakazi wa mashamba ya ndizi Amerika ya Kati walikutwa na tatizo hilo hilo. Wafanyakazi wa Lathrop wenyewe ndio walioanza kulizungumza, kwa kulinganisha kwamba wake zao hawashiki mimba.

Kwa mjamzito, tatizo ni ubongo wa mtoto. Katika bonde la Salinas, California, watoto wa familia za wafanyakazi wa mashambani waliozaliwa na mama wenye mabaki mengi zaidi ya oganofosfeti kwenye mkojo walikuwa nyuma kwa alama 7 za akili walipofika miaka saba, wakilinganishwa na wale wa kundi la chini kabisa. Mjamzito asichanganye, asipulize, asifue nguo za kazi, wala asiingie shamba lililopulizwa kabla ya muda wake. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo hatari zaidi, na ndiyo miezi ambayo wengi hawajajua kama wana mimba. Kunyonyesha kusiachwe kwa sababu ya kazi hii. Acha kupuliza badala yake.

9. Mume wangu amekuwa msahaulifu na mwepesi wa hasira. Inawezekana ni dawa?

Inawezekana, hasa kwa oganofosfeti: usingizi kukatika, kusahau, huzuni, hasira. Mambo hayo yana sababu nyingine pia, pombe na madeni yakiwemo, kwa hiyo asihukumiwe wala asipuuzwe. Huzuni ikiwepo, ondoa chupa zote za dawa ndani ya nyumba leo, zifungiwe mahali ambapo yeye hana ufunguo, kisha mpelekeni hospitali.

## Vipimo na hospitali

10. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha sumu?

Hakuna kipimo kimoja cha sumu zote. Kipo cha kolinesterasi, inayopimwa kwenye chembe nyekundu za damu au kwenye maji ya damu, na kinafaa kwa oganofosfeti peke yake kwa vitendo. Kwa kabameti majibu yanaweza kurudi ya kawaida kwa sababu kimeng'enya kimeshaachiwa njiani kuelekea maabara. Kwa pairethroidi, mancozeb, paraquat na glyphosate hakisemi kitu.

Kosa linalorudiwa ni kupima mara moja na kuambiwa "uko kawaida". Watu hutofautiana sana: mtu aliyezaliwa na kiwango cha juu anaweza kupoteza theluthi nzima akabaki ndani ya mipaka ya kawaida. Inabidi ulinganishwe na wewe mwenyewe. Pima kabla ya msimu, ukiwa hujapuliza angalau miezi miwili, kisha rudia katikati ya msimu kwenye maabara ile ile. Kanuni za California zinatoa mizani nzuri:

- kikishuka kwa asilimia 20, kagua namna ya kufanya kazi;
- cha chembe nyekundu kikishuka kwa asilimia 30, au cha maji ya damu kwa asilimia 40, mtu anaondolewa kwenye dawa;
- anarudi kikifika asilimia 80 ya kiwango chake cha mwanzo.

Cha maji ya damu hurudi ndani ya wiki kadhaa. Cha chembe nyekundu hupanda karibu asilimia 1 kwa siku. Utafiti wa 1997 kwa wafanyakazi wa mashamba nchini Kenya ulikuta wastani wa kushuka kwa asilimia 33 kwa waliogusa dawa, na asilimia 4 tu kwa wasiogusa. Hao walikuwa watu wanaoendelea na kazi, si wagonjwa wa wodini.

Kama huna kipimo cha mwanzo, pima sasa, kaa mbali na dawa miezi miwili, upime tena. Kikipanda kwa asilimia 20 au zaidi, kilikuwa kimeshushwa.

11. Nikifika zahanati niseme nini?

Kichwa, kutapika na uchovu vinafanana na malaria, na ukikaa kimya utapimwa malaria, itakosekana, utapewa paracetamol. Anza na kazi yako: "Napuliza dawa, jana nilipuliza kwa saa tano, dawa yenyewe hii." Peleka lebo au picha yake kwenye simu, ikionyesha kiambato. Kwa malalamiko ya muda mrefu, omba pia kipimo cha tezi ya shingo (TSH), figo (kreatinini) na cha mapafu cha kupuliza pumzi.

Kuwa na daftari. Tarehe, kiambato, kiasi, saa ngapi, dalili. Mistari miwili kwa siku inatosha, na itakufaa tena kwenye swali la 18.

## Shambani

12. Kunywa maziwa baada ya kupuliza kunatoa sumu?

Hapana. Dawa iliyopita kwenye ngozi iko kwenye damu, maziwa yako tumboni; hayakutani. Ubaya wake ni kwamba mtu akishakunywa anajiona amemaliza kinga, haogi. Kinachopunguza sumu ni maji na sabuni mwili mzima mara baada ya kazi, nywele na kucha zikiwemo. Kama dawa imemezwa, usimpe maziwa wala kumtapisha. Mkimbize hospitali na chupa yake.

13. Joto ni kali, siwezi kuvaa vifaa vyote. Nianze na nini?

Badilisha saa kwanza: alfajiri hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, upepo ukiwa umetulia. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Glavu za nitrili, zenye kina hadi karibu na kiwiko. Za ngozi na za kitambaa hunywa dawa na kukushikilia nayo. Osha nje kabla ya kuzivua, maana glavu iliyoingiwa na dawa ndani ni mbaya kuliko mkono mtupu.
2. Buti za mpira, suruali ikiwa nje ya buti.
3. Kipande cha nailoni nzito kati ya bomba na mgongo, kishuke hadi chini ya makalio.
4. Shati la mikono mirefu la pamba nene na kofia. Ukipuliza mimea iliyo chini, mkono wa shati uwe juu ya glavu. Ukipuliza juu ya bega, kama kwenye kahawa au miembe, glavu iwe juu ya shati.
5. Ngao ya uso wakati wa kuchanganya.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Ikilowa inakuwa tambara lenye dawa puani. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mstari wa kahawia (mvuke) na mweupe (chembechembe). Ukianza kusikia harufu ndani, kichujio kimekwisha.

Bomba lenyewe linastahili dakika tano. Lijaze maji matupu, lipampu, liinamishe. Mara nyingi linavuja penye mpira wa mfuniko, penye kiungo cha mpira wa kupitisha dawa, na kwenye kishikio. Mipira hiyo ni ya bei ndogo dukani. Nozeli ikiziba usiipulize kwa mdomo. Tumia mswaki wa zamani au jani la nyasi.

14. Kwa kantangaze (mdudu anayeshambulia nyanya) tunachanganya dawa tatu kwenye bomba moja. Kuna shida?

Kuna shida mbili. Ya kwanza, majina matatu ya biashara yanaweza kuwa kundi moja: profenofos na chlorpyrifos pamoja ni dozi mbili juu ya kimeng'enya kile kile. Ya pili, oganofosfeti hulemaza pia vimeng'enya ambavyo mwili hutumia kuvunja pairethroidi, kwa hiyo jumla inakuwa kali kuliko kila moja peke yake. Kantangaze naye hashindwi kwa wingi wa chupa, anajenga usugu. Badilisha kundi kati ya kizazi na kizazi, na tumia mitego.

15. Nikishapuliza, watu waingie shambani lini?

Fuata muda wa kurudi shambani ulioandikwa kwenye lebo. Usiuchanganye na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hizo ni za kumlinda mlaji. Lebo ikiwa kimya, tumia kipimo cha Marekani: saa 48 kwa sumu kali, 24 kwa ya kati, 12 kwa nyepesi, na kamwe kabla majani hayajakauka. Ndani ya nyumba ya plastiki fungua hewa kwanza. Weka kitambaa chekundu kwenye njia ya kuingilia, maana mtoto hasomi lebo.

16. Nguo za kazi zifuliwe vipi?

Peke yake, beseni lake, mfuaji akiwa na glavu. Zisuuze nje kwanza, zifue kwa sabuni na maji ya moto, zisuuze mara mbili, uzianike juani. Nguo iliyomwagikiwa dawa nzito haifuliki ikatoka, itupwe. Maji yasimwagwe mtoni wala kwenye mabanda ya kuku.

## Yasiyo ya kawaida

17. Niliacha kupuliza miaka mingi iliyopita. Nipimwe nini?

Kolinesterasi haina maana tena. Ilirudi ndani ya miezi michache. Kilichobaki ni hatari ya magonjwa yanayochelewa: mwambie daktari historia yako kila unapomwona, fuatilia mtetemo na uvimbe kama ilivyo kwenye swali la 6 na la 7, na mwanaume aliyevuka miaka 50 azungumze naye kuhusu tezi dume. Waliotumia DDT zamani bado wanaweza kuwa na mabaki kwenye mafuta ya mwili. Hakuna kinywaji cha kuyasafisha, hata kiuzwe bei gani.

18. Mimi ni kibarua bila mkataba wa maandishi. Naweza kudai fidia?

Tanzania, usikate tamaa kwa kukosa karatasi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mwajiriwa anahudumiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao hulipa magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali tu. Kenya, sheria ni ile ya fidia kazini ya 2007, WIBA.

Kinachoangusha madai mengi ni ushahidi wa kuunganisha ugonjwa na kazi. Daftari la swali la 11, picha za lebo, ujumbe wa simu wa kuitwa kazini, miamala ya malipo na majibu ya kolinesterasi ya kabla na katikati ya msimu vina uzito kuliko mashahidi wawili wa mdomo. Toa taarifa kwa mwajiri kwa maandishi mara daktari anapotaja kazi kuwa chanzo, na ubaki na nakala. Mkulima anayepuliza shamba lake mwenyewe hana mwajiri wa kumdai. Kwake, kilichopo ni bima ya afya.